Mti wa Mzazi Mmoja

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyepitia shule ya upili nchini Kenya amewahi kuiona sentensi ikiwa imening'inia matawini. Mwalimu huandika S juu ya ubao, kisha huteremsha mistari miwili, mmoja ukielekea KN na mwingine KT. Kutoka hapo mistari huzidi kugawanyika hadi kuyafikia maneno yenyewe, ambayo hukaa chini kabisa mithili ya matunda. Sentensi iyo hiyo yaweza pia kuchanganuliwa kwa jedwali au kwa mishale, na hakuna mtahini awezaye kudai kuwa sentensi imegeuka kwa sababu mchoro umegeuka. "Mwanafunzi hodari amesoma kitabu" ni ile ile, iwe imetundikwa matawini au imefungiwa katika visanduku vya jedwali.

Wengi huliacha somo hili mlangoni mwa chumba cha mtihani. Hawatambui kwamba mti uo huo huwangoja kila wanapoiwasha tarakilishi. Upande wa kushoto wa dirisha la faili huwa na orodha ya makabrasha iliyopangwa kwa ngazi: kabrasha moja juu, yaliyo ndani yake yakiwa chini na yamesogezwa kidogo kulia, na yaliyo ndani ya hayo yakisogezwa zaidi. Kando ya kila kabrasha lenye kitu ndani huwekwa alama ndogo. Katika Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, alama hiyo ilikuwa kisanduku chenye ishara ya kujumlisha. Tawi likishafunguliwa, ishara hugeuka kuwa ya kutoa. Windows Vista, iliyofika madukani mwaka wa 2007, ilileta pembetatu mahali pa visanduku hivyo. Alama zimebadilika, lakini kifaa ni kimoja. Wanaprogramu hukichukua kikiwa tayari kimeundwa na kukipachika katika madirisha ya programu zao, kama seremala anavyonunua bawaba badala ya kuzifua. Kwa Kiswahili chaweza kuitwa kidhibiti cha mti.

Asili yake ni kongwe kuliko tarakilishi za mezani. Mnamo mwaka wa 1965, R. C. Daley na P. G. Neumann walieleza mfumo wa kuhifadhi faili wa Multics uliokuwa ukibuniwa nchini Marekani, ambamo makabrasha yalipangwa kwa muundo wa mti. Wenye tarakilishi ndogo za MS-DOS waliupata mpangilio huo mwaka wa 1983, toleo la 2.0 lilipotoka. Lugha ya Java nayo ilipata kidhibiti chake cha mti, kiitwacho JTree, katika toleo la 1998. Kwa hiyo kizazi kizima cha wanaprogramu kimekulia kwenye kivuli cha mti huu, ambao, sawa na ule wa ubaoni, umeota kichwa chini: mzizi uko juu na majani yako chini.

Istilahi zake zimekopwa kwenye nyanja mbili, mmea na ukoo. Kila kitu mtini ni kifundo. Kifundo cha juu kabisa ni mzizi. Kisichokuwa na kitu chini yake ni jani. Kifundo chenye vingine chini yake ni mzazi, na hivyo vya chini ni watoto wake, ambao wao kwa wao ni ndugu. Mswahili hashangazwi na mchanganyiko huu, kwa maana naye husema shina la ukoo na tawi la chama, na katika mofolojia huzungumza juu ya mzizi na shina la neno bila kujiona mkulima. Lakini chini ya istahara hizi pana sheria moja kali: kila kifundo, isipokuwa mzizi, kina mzazi mmoja, wala hakiruhusiwi kuwa na wawili. Nguvu ya mti imo katika sheria hiyo. Kwa kuwa mzazi ni mmoja, njia ya kutoka kwenye jani lolote hadi mzizini ni moja, na apandaye hawezi kupotea.

Udhaifu wake nao umo mumo humo, na waliougundua katika idara moja ya Kiswahili hawakuwa wakiutafuta.

Wahenga walinena kwamba penye miti hakuna wajenzi. Idara za Kiswahili zina miti tele: mizizi ya vitenzi, viambishi, nasaba za maneno. Wajenzi wako katika majengo ya sayansi, wakifanya mazoezi kwa kutumia orodha za bidhaa za maduka yasiyokuwepo. Katika chuo kimoja pande hizi mbili zilikutanishwa na haja ya mtu mmoja. Mwanafunzi wa uzamili asiyeona alikuwa akitafiti uundaji wa nomino kutokana na vitenzi. Alisoma kwa masikio, akitumia programu inayosoma kiwambo kwa sauti, na kamusi aliyokuwa nayo kwenye tarakilishi ilikuwa imepangwa kialfabeti.

Mpangilio wa alfabeti huonekana kuwa wa haki kwa sababu haumpendelei yeyote. Kwa lugha ya Kiswahili, hata hivyo, hutawanya jamaa. Viambishi vya ngeli hukaa mwanzoni mwa nomino, basi "lima" huwa kwenye L, "mkulima" kwenye M, "kilimo" kwenye K na "ukulima" kwenye U. Kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka wa 1939 ilijaribu kuwarudisha jamaa nyumbani kwa kuorodhesha nomino nyingi chini ya vitenzi zilikotokana. Anayeona huweza kufungua kamusi mahali panne na kuweka vidole kwenye kurasa. Asiyeona, ambaye huletewa neno moja baada ya jingine na sauti isiyochoka, hana vidole vya kuweka. Huyu mtafiti alitaka kuyasikia maneno ya ukoo mmoja yakiwa pamoja: mzizi kwanza, kisha vitenzi vilivyonyambuliwa, kisha nomino.

Mhadhiri wake alimtafutia kijana wa mwaka wa tatu katika sayansi ya tarakilishi. Kijana huyo alikuwa hodari na mwenye bidii. Baada ya majuma matatu alirudi na mti wa kupendeza. Hakuridhika na kidhibiti cha kawaida, ambacho alikiona kikavu. Alichora mwenyewe mistari, akapinda matawi, akaweka kila ngazi rangi yake. Mzizi -lim- ulikuwa juu, na chini yake "lima", "limia", "limika", "limisha" na nomino zote zimetandazwa kama katika mchoro wa ubaoni.

"Dada, mti uko tayari," alisema.

Mtafiti alivaa visikizi vyake, akabonyeza mishale ya kibodi, akangoja.

"Mbona kimya?" aliuliza hatimaye.

Kijana alieleza rangi na mistari. Mtafiti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa upole: "Umeniletea picha, ndugu yangu. Mimi niliomba mti."

Jibu hilo lilikuwa na maana ya kiufundi ambayo kijana hakuwa amefundishwa. Programu ya kusoma kiwambo haitazami kiwambo. Mathalani NVDA, ambayo Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuiunda mwaka wa 2006 na ambayo hutolewa bila malipo, huuliza kila kidhibiti maswali: jina lako nani, wewe ni kitu gani, uko katika hali gani, uko wapi kati ya wenzako? Kidhibiti sanifu kimetayarishiwa majibu na waliokiunda. Mistari iliyochorwa haina majibu. Mbele ya maswali hayo ni ukuta mtupu. Uzuri wote aliouongeza yule kijana ulikuwa ndio ulioufanya mti kuwa bubu.

Alianza upya kwa kutumia kidhibiti sanifu, kile kikavu. Mara hii mti ulisema. Kwa sauti ya Kiswahili ya eSpeak, ambayo ina lafudhi ya bati lakini hutamka kila silabi, mtafiti alisikia jina la kifundo, ngazi yake, nafasi yake miongoni mwa ndugu zake, na kama kimefunguliwa au la. "Limisha, ngazi ya 2, cha 4 kati ya 7." Mshale wa kulia ulifungua tawi. Mshale wa kushoto ulilifunga, na ukibonyezwa tena ulimpandisha kwa mzazi. Mishale ya juu na chini ilimpitisha kwenye vifundo vilivyo wazi tu. Katika muda wa saa moja alikuwa akitembea ndani ya nasaba za vitenzi kama mtu anayetembea ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na wanaosomea lugha. Mchoro wa matawi ubaoni humpa mtazamaji mti mzima kwa mara moja. Macho ndiyo yanayochagua pa kuanzia. Kidhibiti cha mti humpa mtumiaji kifundo kimoja na mahali kilipo. Ni utaratibu ulio karibu zaidi na masimulizi kuliko na picha. Anayeusikiliza huujenga mti kichwani mwake kama msikilizaji wa ngano anavyojenga ukoo wa wahusika, na kila kauli kuhusu mahali lazima iwe ya kweli, kwa sababu hana jinsi ya kuihakikisha kwa kutupa jicho.

Basi ikazuka kasoro iliyoonekana ndogo. Kamusi ilikuwa na maelfu ya maneno, na kuyapakia yote dirisha lilipofunguka kuliifanya tarakilishi igande. Kijana alitumia mbinu inayojulikana sana na wanaprogramu: watoto wa kifundo hawaletwi mpaka kifundo chenyewe kifunguliwe. Lakini kifundo kisicho na watoto hakipewi alama ya kufungulika; kwa hiyo hupachikwa mtoto wa bandia, asiye neno lolote, ili alama itokee. Tawi linapofunguliwa, yule wa bandia huondolewa na wa kweli wakaletwa. Anayeona huona kufumba na kufumbua tu. Mtafiti alifungua -pik- na kusikia: "subiri, cha 1 kati ya 1." Alipoteremka hakupata kitu, akaamini kuwa mzizi huo haukuwa na uzao. Kumbe "pikia", "pikwa", "pikika", "mpishi", "mapishi" na "upishi" waliwasili sekunde moja baada ya yeye kuondoka.

Tiba ilikuwa kuhamisha mistari michache ya msimbo. Kidhibiti hutoa taarifa mbili, moja kabla ya tawi kufunguka na nyingine baada yake. Kijana alikuwa akiwaleta watoto baada. Aliwaleta kabla, na idadi iliyotangazwa ikawa ya kweli. Tofauti ya "kabla" na "baada", ambayo kwenye kiwambo ilikuwa kupepesa jicho, katika sura ya tasnifu ingekuwa uongo kuhusu lugha.

Kasoro ya pili ilihusu utambulisho. Kijana alikuwa amelifanya neno lenyewe kuwa ufunguo wa kifundo: aliyetaka "lima" aliitafuta kwa herufi zake. Mbinu hiyo ilimtosheleza mpaka alipofika kwenye "paa". Katika Kiswahili paa ni mnyama, paa ni sehemu ya juu ya nyumba, na paa ni kwenda juu. Programu ilipokea wa kwanza, na kila aliyemfuata alimfuta aliyemtangulia. Mhadhiri alipoelezwa alicheka, kwa maana hicho ndicho kisa anachokitumia kila mwaka kuwafunza wanafunzi tofauti ya homonimu na polisemi. Tangu siku hiyo kila neno lilipewa nambari yake, na herufi zikabaki kuwa vazi tu. Neno si tahajia yake. Wanaisimu wanalijua hilo. Mwanaprogramu alilazimika kulijua kwa kumpoteza mnyama.

Kikwazo cha tatu ndicho kilichoigusa ile sheria ya mzazi mmoja, na kililetwa na neno "mwanafunzi".

Hakuna neno linalotajwa zaidi katika korido za chuo. Lakini liwekwe wapi? Ni neno ambatani: ndani yake mna "mwana" na mna "funza". Kijana aliliweka chini ya "mwana", pamoja na "mwanasheria", "mwanahabari" na "mwanasiasa". Mtafiti, aliyekuwa akisikiliza ukoo wa "funza", alikuta "funzo", "mafunzo" na "mkufunzi", lakini mwanafunzi hakuwepo. Kwa asiyejua kwamba neno hilo limejificha kwenye tawi jingine, halipo kabisa. Tawi lililofungwa halimwambii mtu kilichomo ndani yake, na hakuna afunguaye kila tawi la msitu kutafuta jani ambalo hakuambiwa lipo.

Idarani kulizuka mjadala. Mhadhiri mmoja alishikilia kwamba kichwa cha neno ni "mwana", kwa sababu ndicho kinachotawala upatanisho wa kisarufi na wingi wake, wanafunzi. Mwingine akajibu kwamba kwa hoja hiyo "sheria" itapoteza mwanasheria na "habari" itapoteza mwanahabari, na kila nomino itakayooana na "mwana" itanyang'anywa mtoto. Wote wawili walikuwa na haki. Aliyekuwa amekosa ni mti, ambao ulidai jibu moja kwa swali lenye majibu mawili.

Kijana alipendekeza njia ya mkato: neno linakiliwe, nakala moja hapa na nyingine pale. Mtafiti alikataa. Akirekebisha maana kwenye tawi moja, nakala ya pili itabaki na kosa, na baada ya mwaka idara itakuwa na wanafunzi wawili wanaokinzana. Hapo ndipo kijana alipolikumbuka somo lililo kongwe katika taaluma yake na ambalo, bila yeye kujua, ni lile la jedwali, mishale na matawi: kitu ni kimoja, maonyesho yake ni mengine. Alitenganisha hifadhidata katika sehemu mbili. Ya kwanza ilihifadhi maneno, kila neno mara moja tu. Ya pili ilihifadhi jamaa: nambari ya mzazi, nambari ya mtoto. Neno moja laweza kutajwa huko mara mbili au tatu. Mti unapochorwa, "mwanafunzi" hutokea chini ya "mwana" na chini ya "funza". Vifundo ni viwili, na kila kimoja kina mzazi mmoja kama sheria inavyotaka, lakini vyote viwili huelekeza kwenye neno lile lile. Ukilirekebisha hapa, limerekebika kule.

Suluhisho hilo halikuwa geni. Daley na Neumann, katika maelezo yale ya 1965, hawakuishia kwenye mti. Waliruhusu viungo vya kukatiza kutoka tawi moja hadi jingine, ili faili iliyoko mahali pamoja iweze kufikiwa kutoka pengine. Waliouasisi mti huo walijua tangu mwanzo kwamba hautatosha.

Kila suluhisho huja na gharama yake, na hili lilikuwa na tatu. Kwanza, anayelikuta "mwanafunzi" chini ya "mwana" hana habari kwamba kuna mzazi wa pili. Ikabidi kuongezwe kitufe ambacho kikibonyezwa husema, "pia chini ya funza". Pili, kuhesabu vifundo si tena kuhesabu maneno, kwa kuwa neno moja huhesabiwa kila linapotokea. Jumla ya kuingizwa katika utafiti ilipaswa kutolewa kwenye hifadhidata, si kwenye mti. Tatu, na hili lilikuwa la hatari zaidi, mlango wa wazazi wengi ukishafunguliwa, neno laweza kuwa babu yake lenyewe. Siku moja mtu alikosea nambari akamweka "mwana" kuwa mtoto wa "mwanafunzi". Mtafiti alifungua mwana akapata mwanafunzi, akafungua mwanafunzi akapata mwana, akaendelea kuteremka akisikia ngazi ya 7, ya 8, ya 9, hadi akavua visikizi akicheka. Sehemu ya programu iliyopita kwenye mti wote ili kuuchapisha haikucheka; ilijiita yenyewe kwa kila mtoto, kama ilivyoandikwa kufanya, mpaka kumbukumbu ya tarakilishi ikajaa na dirisha likafa. Sasa kabla ya kuupokea uhusiano mpya, programu hupanda kutoka kwa mzazi anayependekezwa kwenda juu kwa njia zote, na ikimkuta huyo mtoto njiani, hukataa.

Baada ya mwanafunzi walikuja wageni kutoka Uarabuni. "Kitabu", "katibu", "maktaba" na "mkutubi" ni ndugu dhahiri kwa ajuaye Kiarabu, wameunganishwa na konsonanti k, t, b. Lakini mzazi wao alibaki ng'ambo. Hakuna kitenzi cha Kiswahili walichozaliwa nacho. Je, wapewe kifundo cha juu ambacho si neno la Kiswahili? Waliopinga walisema kwamba mzungumzaji wa leo haundi "katibu" kutokana na "kitabu", na mti wa Kiswahili haufai kuonyesha historia ya lugha nyingine. Waliounga mkono walisema kwamba kuwatenganisha ni kuwaficha wanafunzi jambo la kweli. Hatimaye vifundo vya aina hiyo vilipewa tawi lao, lililotengwa na mizizi ya vitenzi vya Kibantu, na kila kimoja hutangazwa kwa sauti kuwa ni asili, si neno. Uamuzi huo haukuandikwa na tarakilishi wala na kijana. Uliandikwa na watu waliokuwa wakibishana juu ya lugha.

Hata majina ya hali za tawi yalihitaji ubishi. Kijana alikuwa ametumia "panua" na "punguza". Mtafiti alimwonyesha kwamba Kiswahili kimekwisha kulitatua tatizo hilo katika kauli ya kutendua: kunja na kunjua, funga na fungua. Hali mbili za tawi ni kitenzi na kinyume chake, na kiambishi kimoja kinatosha kuzitofautisha. Ni uzuri wa lugha ambao mwanaisimu yeyote angeufurahia. Kisha akaujaribu kwa masikio na kuukataa mwenyewe. "Limekunjwa" na "limekunjuliwa" huanza kwa sauti zile zile. Anayesikiliza kwa kasi lazima angoje mpaka karibu na mwisho wa neno ili kujua tawi liko katika hali gani, na kungoja huko kunajirudia mara mia kwa siku. Alichagua "limefungwa" kwa hali moja na "wazi" kwa nyingine. Si jozi nadhifu ya kimofolojia, lakini sikio huitofautisha tangu silabi ya kwanza. Kamati za istilahi, ambazo kwa kawaida hupima neno kwa jicho, zingefaidika na jaribio la namna hiyo.

Yamkini msomaji atauliza mambo haya yanawahusu nini watu wa fasihi na isimu. Yanawahusu kwa sababu kazi za Kiswahili zinaendelea kuingizwa katika hifadhi za tarakilishi: kamusi, miswada ya hati za Kiarabu, rekodi za ngano na nyimbo. Aghalabu hifadhi hizo hufunguliwa kupitia mti, na mti huulizwa swali lile lile kwa kila kitu kinachoingia: mzazi wako nani? Chukua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na mzaliwa wa Pate karibu na mwaka wa 1858. Uwekwe chini ya tenzi, chini ya mawaidha, chini ya washairi wanawake, au chini ya Pate? Anayeuweka chini ya mawaidha peke yake atakuwa amemwondolea mtafiti wa ushairi wa wanawake mojawapo ya nguzo zake, na hatakuwa amefuta hata herufi moja. Atakuwa amefunga tawi tu. Mwanaprogramu asiyejua utendi hawezi kulaumiwa akichagua tawi la kwanza lililo mbele yake. Anayepaswa kuwepo kando yake wakati wa kuchagua ni yule aliyeusoma.

Mti hauendi ila kwa nyenzo, nayo nyenzo haina haja ya kuwa ya ajabu. Kidhibiti kilichotumika idarani mle ni kile kile cha kawaida ambacho kijana alikidharau mwanzoni. Sheria yake ya mzazi mmoja haijabadilika, na kwa mambo mengi ni sheria njema. Kilichobadilika ni kwamba waliopanda mti huo walijua pale ambapo lugha haikubaliani nao, wakaweka viungo.

Kazi bado ipo. Maneno ambatani hushughulikiwa moja moja, na kila moja hujadiliwa kabla ya kuingizwa. "Kiamshakinywa" lilichukua alasiri nzima: upande mmoja linatoka kwa "amsha", ambaye ni mtoto wa "amka", upande mwingine linatoka kwa "kinywa", ambacho kinatoka kwa "nywa". Sasa husikika katika matawi yote mawili, mara zote likiwa katika ngazi ya 3, na mtafiti amelisikiliza kwa kupanda njia zote mbili hadi juu kuhakikisha. Linalofuata katika orodha ni "mpigapicha".